Gari Zima, Limebaki Nyumbani

Juzi asubuhi, kwenye geti la ofisi moja Kurasini, bwana mmoja wa makamo alishuka kwenye gari la jirani yake. Mlinzi akamvuta pembeni, mkono kifuani.

"Shikamoo, bosi. Lako bado halijapona?"

"Marahaba. Zima kabisa, liko nyumbani Mbezi. Sie mtaa mmoja, ofisi moja. Magari mawili ya nini? Tunajaza moshi tu barabarani."

Mlinzi akashusha pumzi, akacheka. "Afadhali! Mie nilijua umefulia, huna hata hela ya fundi. Jumapili nimekuombea kanisani."

Kumbe kupunguza moshi si kazi. Kazi ni kuonekana ukishuka gari la mwenzio. Kesho nami naomba lifti kwa jirani. Ila kwanza nitamtonya mlinzi wetu, asije akanianzishia mchango.