Yu Hai, Siku ya Thelathini

Kabla sijaajiriwa kule nilidhani ndege ikianguka imeanguka, basi. Kumbe kwenye karatasi ndege huanguka kwa madaraja. Daraja la tatu ni mambo madogo: tairi limepasuka, bawa limekwaruza uzio, rubani kajigonga goti. Daraja la pili, mtu ameumia vibaya, au ndege imeharibika lakini inatengenezeka. Daraja la kwanza, mtu amekufa, au ndege imebaki ya kuuzwa chuma chakavu. Na mtu aliyeumia husubiriwa siku thelathini. Akifa ndani ya siku hizo, ajali inapanda daraja. Akifa siku ya thelathini na moja, kwa mujibu wa karatasi hakufa kwa ajali ile.

Nilikuwa karani raia kwenye ofisi ya kijeshi hapa Dodoma, ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupokea taarifa za ajali za ndege, kuzipa namba na kuzifuatilia mpaka faili lifungwe. Niseme ukweli, nilikuwa najiona. Mwandiko wangu ulinyooka, mafaili yangu yalipangwa, na ofisa aliyeniletea fomu yenye doa la chai nilimrudishia bila kujali ana nyota ngapi begani.

Ajali ninayoikumbuka ilitokea Ijumaa. Ndege ndogo ya mafunzo ilikuwa imetoka kwenye matengenezo, ikarushwa kwa majaribio, injini ikazimika ikiwa juu ya Kondoa, ikatua kwa tumbo kwenye shamba la alizeti kule Busi. Rubani alitoka akichechemea. Kiti cha pili alikaa fundi aliyeitengeneza, mtu mzima mwenye mvi kidogo. Ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yao: aliyekaza nati ndiye anayepanda nayo mara ya kwanza. Wanakijiji walimtoa akiwa hajitambui, kifua kimebonyea. Ndege ilikuwa inatengenezeka. Nikaandika daraja la pili, nikafungua daftari la siku thelathini.

Daftari lenyewe lilikuwa na safu nne: siku, saa, hali ya majeruhi, na jina la aliyejibu. Kila asubuhi saa mbili na nusu nilipiga simu wodini. Nesi mmoja mwenye sauti ya mafua, karibu kila siku yeye, alinijibu, "Anaendelea." Nami nikaandika: Yu hai.

Siku ya tano mke wa fundi alinijia ofisini. Alitoka Ihumwa, ng'ambo ya reli, mama mrefu wa Kigogo mwenye mikono ya jembe. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi bila kukaribishwa.

"Ni wewe unayeandika habari za mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Huko karakana wanasema alisahau kukaza kitu. Mume wangu hasahau kufunga hata banda la kuku. Nani ataifungua hiyo injini aone?"

Nikamweleza nisichotakiwa kumweleza. Ajali ya daraja la pili inachunguzwa na kikosi chenyewe, maana yake karakana ile ile. Ya daraja la kwanza inaletewa bodi ya uchunguzi kutoka nje ya kikosi, watu wasiomjua yeyote, nao wanaifungua injini mpaka nati ya mwisho. Alielewa haraka kuliko maofisa wengi niliowahi kuwaeleza.

"Kwa hiyo akipona wataandika ni yeye. Akifa, ndipo watatafuta ukweli."

Nikaanza kupanga fomu ambazo zilishapangwa.

"Basi apone," akasema. "Aje awaambie mwenyewe."

Sasa nije kwenye kosa langu. Jumamosi na Jumapili ofisi hufungwa, lakini daftari linataka siku zote. Wikiendi ya kwanza nilipiga simu kutoka nyumbani Nzuguni, nikangoja mpaka nikachoka. Kuanzia ya pili nikafanya wanachofanya makarani wote ninaowajua: Ijumaa jioni, kabla ya kubeba mkoba, nikajaza siku mbili za mbele. Yu hai, yu hai, saa mbili na nusu, na jina la nesi wa mafua. Hata mahudhurio ya kazini tulisaini hivyo hivyo. Sikusikia chochote moyoni.

Jumatatu baada ya wikiendi ya tatu mama yule akaja tena, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Jumamosi asubuhi alikata pumzi," akasema. "Walishamfunika uso. Halafu akavuta hewa, shuka likapanda."

"Saa ngapi, mama?"

"Chai ya wodini ilikuwa ndiyo inagawiwa. Saa mbili na nusu hivi."

Nilifungua daftari chini ya meza asione. Jumamosi, saa mbili na nusu, yu hai. Wino ulikuwa umekauka tangu Ijumaa. Mimi ni mtu wa kanisani, na wanaokwenda kwa waganga huwa nawacheka waziwazi. Lakini tangu siku ile sikujaza siku za mbele kwa uvivu tena. Nilijaza kwa sababu niliogopa kitakachotokea mstari ukibaki mtupu. Wikiendi ya nne nilikandamiza kalamu mpaka maandishi yakatokea ukurasa wa nyuma. Ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho, siku ya ishirini na tisa na ya thelathini. Niliandika taratibu, herufi moja moja, nikabaki nimekaa pale mfagiaji akinizunguka na ufagio wake. Nilijiambia, ameshavuka.

Jumatatu nikapiga simu kama kawaida. Iliita muda mrefu. Nje upepo wa Dodoma ulikuwa unapiga vumbi dirishani, na kwenye simu nako nikausikia upepo, ingawa wodi ile ilikuwa ghorofani na madirisha yake yalifungwa. Aliyepokea hakuwa nesi wangu. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya chini, isiyo na haraka.

"Habari za asubuhi. Yule mgonjwa wetu, fundi, anaendeleaje?"

"Yupo," akasema. "Hana maumivu tena."

Nilifurahi, jamani. Nikamuuliza jina lake kwa ajili ya daftari, akanitajia, nikaandika bila kuinua kichwa. Kabla ya saa nne barua ilikuwa tayari: ufuatiliaji umekamilika, majeruhi yu hai, ajali inabaki daraja la pili. Mkuu wangu akasaini, muhuri ukagongwa.

Jumatano mama akaingia na kanga nyeusi kichwani.

"Alifariki Jumapili, saa tisa alasiri," akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Daktari hakuwepo, alikuja kusaini Jumatatu, karatasi ikaandikwa Jumatatu. Sasa wananiambia siku zimepita, ripoti itaandikwa na karakana."

Nikamwambia haiwezekani, kwamba Jumatatu nilipiga simu mwenyewe nikajibiwa, na nikafungua daftari nimwonyeshe aliyenijibu. Kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wangu ulionyooka, kulikuwa na jina la mume wake. Majina yote matatu.

Nikafunika jina lile kwa kiganja, nikafunga daftari.

Nimelifikiria jambo hili miaka kadhaa sasa. Jina lile lilikuwa juu ya kila ukurasa, nililiandika mara nyingi mno, mkono ukateleza. Ndivyo ninavyojiambia. Siku ile ile nilimpigia muuguzi mkuu wa wodi. Alisema wodini kwake hakuna mwanaume anayefanya kazi, na Jumatatu ile saa mbili na nusu manesi wote walikuwa kwenye vitanda vya wagonjwa wakipokezana zamu, simu ikaita mpaka ikakata. Nikamuuliza basi nani alipokea. Akaniambia ana kazi nyingi. Niliogopa siku ile, na nikiandika haya bado naogopa.

Nikaenda kwa mkuu wangu. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa.

"Karatasi ya hospitali inasema Jumatatu," akasema. "Daftari lako linasema Jumapili alikuwa hai. Nimeshika nini mimi zaidi ya maneno ya mjane?"

"Afande, daftari langu ni la uongo. Mistari minane sikupiga simu."

Akasogeza kikombe pembeni.

"Unajua hilo litakutoa hapa?"

"Najua."

"Kwa hiyo unataka afe Jumapili."

"Alikufa Jumapili, afande."

Nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa ghala la mablanketi. Nesi wa zamu ya Jumapili aliitwa, akaitaja saa. Ajali ikapanda daraja, bodi ikaja, watu wageni kabisa, wakaifungua injini kwenye turubai. Waliandika kwamba bomba la mafuta lilikuwa na ufa wa ndani, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Nati alizokaza zote walizikuta zimekazwa.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Ninachokiona hasa nikifumba macho ni ile alasiri ya kusahihisha daftari. Utaratibu unataka mstari wa uongo ukatwe na mkono ule ule ulioandika, mbele ya mhusika. Mama aliketi mbele yangu, mkuu wangu akasimama dirishani ametugeuzia mgongo. Nikakata kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari, nikiandika pembeni "haikuthibitishwa" na kumsomea kwa sauti, kwa kuwa yeye hakusoma sana. Nilipofika ile Jumamosi aliyokata pumzi akarudi, akatikisa kichwa. Siku ya thelathini nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimemshikilia mtu yule kwa kalamu wiki tatu nzima, mimi nisiyeamini mambo hayo, na sasa nilitakiwa nimwachie.

"Andika, mwanangu," mama akasema. "Mimi nilikuwepo. Wewe andika tu."

Nikaandika: Amefariki, saa tisa alasiri. Safu ya aliyejibu nikaandika: mkewe.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Nisomee tena."

Nikasoma tena. Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, pale pale mezani.

"Asante," akasema. "Tangu Jumapili ile nilikuwa najua peke yangu."