Vifungo Mia na Thelathini

Mlio wa sururu ulianza kila siku saa moja asubuhi. Pigo moja, kisha mporomoko mfupi wa udongo mkavu, kisha kimya kidogo, kisha pigo jingine. Wakati wa kiangazi cha Gisenyi, vumbi la kuta zilizokuwa zikibomolewa lilikuja mpaka uani kwetu likikaa juu ya maji ya kunywa, nalo lilikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu kuta za mtaa wetu zilikuwa zimekula moshi wa majiko tangu enzi za mababu. Pua yangu ilikuwa kali. Niliponusa moshi wa mafuta ya mawese nilijua leo wamefika kwa muuza sambusa, na niliponusa moshi wa magome ya mikaratusi nilijua ni kwa fundi viatu. Basi nikahesabu kwa vidole nyumba zilizobaki kati ya sururu na mlango wetu. Nilikuwa na miaka kumi, na miaka yenyewe ilikuwa ile ya hamsini, Mbelgiji bado akitawala na sisi tukiambiwa kila jambo baada ya kuwa limekwisha amuliwa.

Mtaa wetu uliitwa Mwaloni. Ulikuwa safu ya nyumba za udongo zilizoezekwa mabati, hatua thelathini tu kutoka ziwani, na wazee wetu waliofika na misafara ya biashara walijenga hapo kwa sababu mitumbwi ya ndizi na maharage kutoka kisiwani Idjwi ilifikia karibu na vibaraza vyao. Sasa serikali ilitaka kuupendezesha ufuko. Pangepita barabara pana, yenye minazi ya mapambo na viti vya kupumzikia wageni wa hoteli waliokuja kuoga ziwani. Sisi tungehamia juu kilimani, kwenye viwanja vilivyonyooka. Mzungu aliyesimamia kazi hiyo tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakuonekana bila kamba yake ya kupimia, na alipoitandaza mbele ya nyumba yako ulijua huna chako. Watu wazima walisema mwenye nguvu mpishe, wakaanza kufungasha. Nami sitadanganya leo kwa kuwa nimezeeka: nilifurahi. Nilikuwa nimepanda kilimani na wenzangu kuona bomba la maji lililofungwa kwenye kona ya mtaa mpya. Niliifungua koki, maji yakanirukia kifuani, na tangu siku hiyo nilikichukia kile kibuyu cha kuchotea maji ziwani na nyumba yetu nzima.

Lakini sisi hatukuweza kuhama. Baba, aliyekuwa fundi cherehani na aliyeshona kibarazani mbele ya macho ya mtaa wote, alikufa kwa homa mwishoni mwa masika, na Mama akakaa eda. Kwa wasiojua desturi yetu, mjane hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, havai nguo ya maua, hajipaki wanja wala manukato, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale anaoweza kuolewa nao, hawamwoni. Maalimu alikuja akasimama nje ya pazia, akanisomea hesabu hiyo kwa sauti, na mimi nikachukua kopo la vifungo vya Baba nikatenga vifungo mia na thelathini. Kila alfajiri nilihamisha kifungo kimoja kutoka kopo hadi bakuli. Vya shati kwanza, kisha vya suruali, na vile vikubwa vya makoti nikaviweka vya mwisho, kwa sababu nilitaka siku za mwisho ziwe nzuri.

Karani wa Bwana Kamba aliitwa Gaspari, kijana wa Kanama, Mkristo, mrefu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alikuja na daftari kuuliza kwa nini nyumba yetu haifungashi. Nikamweleza habari ya eda kibarazani, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Baba.

"Mama yako iko mugonjwa?" akauliza.

"Hapana."

"Bon. Kama haiko mugonjwa, mbona haitoki?"

Nikakimbia ndani nikaleta kopo na bakuli, nikamwonyesha vifungo vilivyokwisha na vilivyobaki. Akacheka, akasema we mutoto unajua kuhesabu muzuri, akanipa kipande cha chaki. Kisha akahesabu mwenyewe kwenye daftari, akapiga mstari chini ya siku moja. Siku ile ndiyo Bwana Kamba aliyoikubali. Nyumba yetu ingeachwa mpaka hapo, na si zaidi. Kila Jumamosi Gaspari alipopita nilimtajia vifungo vilivyobaki, naye akasema muzuri, na mimi nikaona kama ndimi mwenye mtaa. Mama alinisikia kila mara kutoka ndani, na hakuniambia neno.

Vilipobaki vifungo tisa, Bi Nyota, mkunga aliyekuwa jirani yetu, aliniita nimsaidie kumkanda Mama mgongo. Mama alikuwa amevua shuka kubwa alilojifunika tangu msiba. Nikaona tumbo lake. Nilisimama pale na mafuta mikononi, nisijue nitazame wapi. Kabla yangu na baada yangu Mama alikuwa amezika watoto watatu, na kila mmoja alikuwa ametangazwa mtaani kwa shangwe kabla hajazaliwa. Safari hii aliapa kwamba hakuna jicho litakaloliona tumbo lake, na eda ikampa pazia la kujifichia.

"Mficha uchi hazai," Bi Nyota alimwambia, tena kwa ukali. "Mtoto wako anamhesabia karani siku, nawe unanyamaza? Eda ya mwenye mimba haiishi kwa hesabu. Inaisha akijifungua."

"Ningemwambiaje?" Mama akasema. "Angemwambia kila mtu. Ulimi wake unaujua."

Yalikuwa kweli, na yaliniuma zaidi kwa sababu yalikuwa kweli. Bi Nyota alikadiria bado wiki tatu, pengine nne. Maalimu aliitwa tena nyuma ya pazia, akasema nyumba ikivunjwa hiyo ni dharura, mjane anaruhusiwa kuhama, Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Mama alimshukuru kwa adabu, kisha akakataa. Kilimani tulikuwa na kuta tupu, maana mabati ya kuziezekea ndiyo hayo yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hilo alilisema polepole ili Maalimu alisikie vizuri. "Mume wangu alitoka mlango huu amebebwa. Mimi nitautoka kwa miguu yangu, siku yangu ikifika." Usiku ule nilivimwaga vifungo vyote mkekani na kuvichanganya, lakini vilipochanganyika sikupata nafuu yoyote. Siku ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la watu.

Ikafika. Gaspari alikuja na vibarua wanane wenye masururu, wakasimama kibarazani, na nilipotokeza akatabasamu kama mtu aliyekuja kwenye sherehe. "Leo ndiyo siku, si uliniambia we mwenyewe?" Ulimi ambao siku zote haukuwa na mfupa ukawa mzito. Mama alikuwa amenikataza kumtajia mtu tumbo lake. Lakini nilimwona kibarua mmoja ameanza kuugonga ukuta kando ya mlango kwa mpini wa sururu, akiutafuta udongo ulipo mlegevu, na kila ukigongwa bawaba zikitikisika. Nikamvuta Gaspari mkono mpaka nyuma ya jiko, nikamwambia yote, tumbo na watoto watatu na kosa la hesabu. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni.

"Sasa mi nitamuambia Muzungu nini?" Gaspari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa daftari akiogopa. Akatoa kalamu, akairudisha mfukoni. Kisha akarudi kwa vibarua, akawaambia kwa Kinyarwanda waende upande wa pili wa mtaa, ule ulioachwa mwisho, kwa sababu mtaro wa huko lazima uchimbwe kabla ya mvua. Hilo ndilo alilomwambia pia Bwana Kamba, na Bwana Kamba akalikubali kwa kuwa lilikuwa na akili.

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko vifungo vyote. Masururu sasa yalitusogelea kutoka upande mwingine, na kulikuwa hakuna cha kuhesabu. Nyumba zilianguka, majirani wakapanda kilimani na milango mgongoni, mpaka tukabaki peke yetu, nyumba moja katikati ya uwanja wa vumbi, na upepo wa ziwani ukaanza kutupiga ubavuni ambako zamani palikuwa na ukuta wa jirani. Bi Nyota alihamia kwetu. Mimi nilikuwa nikimtazama Mama kila asubuhi usoni, nikimwomba kimoyomoyo afanye haraka, kisha nikijilaumu, kwa sababu wale watatu labda nao waliharakishwa.

Uchungu ulimshika alfajiri, siku ambayo Bwana Kamba alikuja mwenyewe. Alikuta vibarua wamekaa chini wakisikiliza sauti ya Mama, masururu yamelala mbele yao. Akamgeukia Gaspari, wakasemezana Kifaransa, na shingo ya Gaspari ikawa inaloa jasho. Kisha Bwana Kamba akatoa saa mfukoni akaninyooshea mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazaa. "Saa sita," akasema. "Saa sita kwisha, nyumba kwisha."

Saa sita ilifika na mtoto hajafika. Nyapara wa vibarua akaamuru, na watu wawili wakapanda juu ya paa. Misumari ilipoanza kung'olewa ililia vibaya sana, na bati la kwanza la sebuleni likaondoka, na jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Bi Nyota alitokeza kichwa akapiga kelele kwamba mle ndani yumo mwanamke uchi wa mnyama na yumo edani, wanaume watamwonaje! Hakungoja jibu. Alilichukua jora la kitambaa cha marekani ambalo Baba hakuwahi kulikata, tukalifunua sote wawili, tukalifunga kwenye maboriti ya chumba kutoka pembe hadi pembe. Bati la pili likaondoka, na la tatu. Tulisikia miguu ya mtu juu yetu, ikasimama, kisha sauti ya kibarua yule ikasema kwa upole kupitia kitambaa, "Wihangane, mubyeyi." Vumilia, mzazi. Mama alizaa chini ya kitambaa hicho, kwenye mwanga mweupe, bati moja tu likiwa limebaki juu ya chumba. Alikuwa mtoto wa kiume, na alilia mara moja tu, kwa nguvu, akanyamaza kama aliyemaliza alilojia.

Eda ikawa imekwisha. Mwanamke aliyezaa hupumzika ndani siku arobaini, lakini arobaini hizo hapakuwa na mtu wa kumwomba. Vibarua walikuwa wamefunga machela ya miti, ile wanayobebea wagonjwa huko Kanama, wakaileta mpaka mlangoni. Mama akatikisa kichwa. Alijifunika shuka mpaka machoni, akashika ukuta, akauachia ukuta, akavuka kizingiti kwa miguu yake. Akapiga hatua nne. Ndipo akakubali kubebwa, na mimi nikabebeshwa mtoto. Nyuma yetu wakaja watu na mabati, na nyuma yao akaja Gaspari na cherehani ya Baba kichwani, kaptula yake ya pasi imejaa vumbi, mbele ya macho ya Bwana Kamba. Karani kubeba mzigo kichwani ilikuwa aibu ya kusimuliwa mwaka mzima. Kabla jua halijazama walikuwa wameziezeka kuta zetu, na hakuna aliyedai kitu. Mwezi uliofuata alikuja karani mwingine. Nilisikia Gaspari alirudishwa kwao kulima viazi, na sikupata kumwomba radhi.

Ndugu yangu sasa ni mzee mwenye magoti mabovu. Tukishuka ziwani jioni husimama makusudi kwenye lami, baina ya minazi miwili, madereva wakampigia honi, naye akawaambia kwamba yeye alizaliwa hapo katikati ya barabara na wao ndio waliomkuta. Ufuko unatengenezwa tena siku hizi. Wameweka taa na njia ya matofali ya kupunga upepo, na nakiri ni mzuri kuliko ulivyokuwa. Kilimani, bomba nililolipenda lilikauka zamani, na nyumba zilizokuwa mpya ndizo sasa zinazoitwa kuukuu. Wiki iliyopita alikuja binti wa ofisi ya mji, mwenye adabu na simu kubwa ya kuandikia, akaniamkia, akaniambia mtaa wetu utaboreshwa na kwamba safari hii hawamkimbizi mtu. Akainua macho yake mazuri akaniuliza, "Bibi, mnahitaji siku ngapi?"

Kopo la vifungo lilikuwa kabatini nyuma yake. Nikamwambia akae kwanza anywe chai. Alipouliza tena nikamwongeza kikombe, na mpaka anaaga sikuwa nimemtajia siku.