Upande wa Pili wa Saa

Hebu jenga picha hii akilini. Ni asubuhi, ofisi ya tiketi pale Mikumi. Bibi mmoja mwenye khanga mpya anakodolea macho ukutani. Basi la Kilosa, linalompeleka kwenye ndoa ya mjukuu wake, linaondoka saa mbili. Saa ya mishale aliyoizoea imeondolewa. Iliyopo ni ya namba, inaonyesha 7:52.

Bibi akatoka, akazunguka nyuma ya jengo, akarudi.

"Mwanangu, huko nyuma kuna mbuzi tu."

"Ulikuwa unatafuta nini, bibi?" akauliza mkatisha tiketi.

"Upande wa pili wa saa. Ile ya zamani mshale ukifika nane, naangalia ng'ambo yake, naona mbili. Hii ng'ambo yake iko wapi?"

"Unatoa sita tu, bibi. Saba toa sita, moja. Na dakika hamsini na mbili, kwa hiyo mbili kasoro... ngoja."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Honi ikalia, akapoteza hesabu, akaanza upya. Bibi alikwishapanda basi.

"Ukipata jibu," akamwambia kupitia dirishani, "utanikuta Kilosa!"

Ukimnunulia mzazi wako saa ya namba, tafadhali kumbuka jambo moja: mwonyeshe kwanza ng'ambo yake ilipo.