Nguo Nyeusi ya Ulamila

Kosa lilikuwa la Semisi, wala hajawahi kulikubali. Siku walipomzika Peceli, aliyekuwa mdogo wake, Semisi, kwa kuwa ndiye mkuu wa ukoo, alisimika nguzo mwambani na kuifunga bahari kwa heshima ya marehemu. Ndivyo tunavyofanya hapa Yanuvatu. Mtu akifa, mwamba wa ukoo wake hufungwa siku mia, asivue mtu, kisha matanga huanuliwa, mjane huvua nguo nyeusi, na watu huingia majini kutafuta samaki wa karamu. Lakini Semisi alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, na badala ya kusema siku mia, akasema mwamba umefungwa mpaka mjane atakapotoa nyeusi. Akanywa bakuli lake la kava, kinywaji chetu cha mizizi, watu wakapiga makofi, na neno likapita. Neno lililonywewa kava halirudishwi.

Hakuna aliyeshtuka. Mjane gani angekaa na nyeusi zaidi ya siku mia?

Ulamila, mjane mwenyewe, hakuwa na nia hiyo. Alimlilia mumewe majuma mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la adabu tu. Peceli alikuwa mwepesi wa kupiga na mzito wa kuomba radhi. Tena ndiye aliyemaliza kalia wote wa mwamba ule, wale samaki wakubwa wa kijani wenye nundu kwenye paji. Kalia hulala kwa makundi mapangoni, na Peceli alikuwa akiwazamia na tochi na mkuki, akiwatoa kama mtu anayechuma maboga shambani kwake, wakauzwe mjini Suva. Alipokufa hakukuwa na kalia hata wa dawa. Na mtu huyo ndiye ambaye bahari ilifungwa kwa heshima yake. Tuyaache hayo.

Zilikuwa zimebaki siku tatu matanga yaanuliwe. Ulamila alikuwa akisugua sufuria ufukweni asubuhi, maji yamejaa, akasikia kitu kikitafunwa, kama watu wengi wanaokula miwa kimyakimya. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu alipokuwa mwari. Akaingia majini mpaka kiunoni. Kalia wadogo, saba, walikuwa wakimega matumbawe, wala hawakumkimbia. Alisimama hapo mpaka sufuria ikachukuliwa na maji.

Siku ya mia wanawake walimjia na gauni la maua na mkasi wa kumpunguza nywele. Akawaambia moyo haujatulia, wampe muda. Walimwonea huruma. Mwaka wa kwanza walimsifu, wa pili walimshangaa, wa tatu wakamchoka. Mwenye nyeusi haimbi kwaya, hachezi ngoma, haketi kwenye mkeka wa sherehe. Sahani yake ya magimbi hupelekwa nyuma ya nyumba. Watoto walimpa jina la Popo. Vijana waliokuwa na njaa ya samaki walimwambia usoni kwamba marehemu keshaoza, na yeye amlilie nani? Angemwambia hata mtu mmoja kwamba halii, siku hiyohiyo matanga yangekwisha na nyavu zingeingia mwambani. Kwa hiyo alinyamaza, akawa mpweke. Zipo siku alizungumza na sufuria.

Mwaka wa saba, binti yake wa pekee, Akeneta, akaposwa na kijana wa kisiwa cha mbali.

Siku mbili kabla ya harusi Semisi alikuja, akapiga magoti mlangoni, akanyoosha mikono miwili yenye jino la nyangumi. Mtu akilipokea jino hilo amekubali ombi, hana pa kutokea.

"Shemeji," alisema Semisi, "nimekuja kama kaka wa marehemu. Toa nyeusi, umkalishe mtoto wako mkekani. Na wageni wapate kula samaki. Unataka tuwape samaki wa makopo?"

Ulamila alilitazama lile jino. Aliliona gauni la maua, lingali sandukuni. Alijiona amekaa kando ya mwanawe, akimrekebishia vazi lake la gome la mti, akiimba. Akaikalia mikono yake, isije ikalipokea.

"Nisamehe, shemeji. Bado namlilia."

Semisi alikaa na jino lake mikononi mpaka magoti yakamuuma. Kisha akalifunga kwenye kitambaa na kuondoka bila kuaga.

Wageni walikula makopo. Ulamila alikaa nyuma ya jiko, akasikia ibada na nyimbo, akajua kwa sauti tu ni saa ngapi mwanawe amepitishwa mlangoni. Mchana boti ilipokuwa ikipakiwa mikeka, Akeneta alimfuata. Alikuwa bado amepakwa mafuta na manjano, uso umevimba kwa kulia.

"Mama, baba alikuwa anakupiga. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa naona."

"Najua."

"Sasa niambie kweli, siendi kumwambia mtu. Ulimpenda hivyo? Kuliko mimi?"

Nyuma ya Akeneta, mlangoni, walikuwa wamesimama shangazi zake wawili, mdomo wazi, wakisubiri jibu. Ulamila aliwaona. Angeweza kumvuta mwanawe na kumnong'oneza, lakini Akeneta tangu utotoni hakuwahi kujua kuficha; lingemtoka usoni kabla hajafika kwenye boti.

"Nilimpenda," alisema Ulamila.

Akeneta akaitikia kwa kichwa, polepole. Akainama, akambusu mama yake shavuni kama anavyobusiwa mgeni, akaenda.

Boti ilipopita kwenye mlango wa mwamba maji yalikuwa yamejaa. Watu ufukweni walikuwa wakipunga vitambaa na kupiga kelele. Walipotawanyika kurudi kwenye kava yao, kelele ikaisha, na Ulamila akawasikia kalia wakitafuna, wengi sasa, toka nguzo ya Semisi mpaka kule boti ilikopotelea. Alisikiliza kidogo. Nguo ilikuwa imepauka mabegani kwa jua, na mtu angeweza kusema kwamba nyeusi ile si nyeusi tena. Akaingia jikoni, akabandika sufuria, akamimina rangi nyeusi.