Waliomaliza Hawaingii

Mjukuu wangu alimaliza masomo ya udaktari Nakuru, lakini bila kupita mtihani wa leseni hakuna mgonjwa utakayepewa. Na mtihani wenyewe umegeuzwa. Zamani waliandika kwa karatasi. Siku hizi ni kompyuta, halafu unawekwa mbele ya mgonjwa umpime wakubwa wakikutazama. Basi chuo kikatoa vitabu kwa maktaba, kikajaza kompyuta, kikasema nafasi imekuwa ndogo, waliomaliza hawaingii.

Akarudi kwangu Ndabibi kusomea kwa simu. Stima ikipotea simu inazima, naye analia. Mimi sipendi kilio cha mtu mzima. Nikamwambia achukue sweta, tunaenda.

Kijana wa mlango wa maktaba akasema, "Mathe, sheria ni sheria. Kadi yake imeisha."

"Mtihani umebadilishwa na hamkufa. Badilisheni na sheria ya mlango."

"Shosho, twende," mjukuu akaninong'oneza.

Nikavuta kiti nikakaa.

Mwalimu wao alikuwa anapita, akasimama. "Mama, wewe ni mgonjwa?"

"Goti linauma, lakini sikuja kutibiwa."

Akafurahi sana. Kumbe wanafunzi walikuwa wanajifunza kupimana wao kwa wao, watu wazima wa afya, wanachekeana tu. Walihitaji wazee wenye maumivu ya kweli. Na kanisani kwetu kina mama wenye migongo, viuno na presha ni wengi kuliko viti.

"Nitawaletea," nikasema, "lakini wote wanaongoja mtihani wasomee hapa mpaka waufanye."

"Itabidi niulize wakubwa."

"Uliza. Mimi nimekaa."

Alirudi na jibu: wamekubali.

Jumamosi tukafika. Kina mama walikuwa washavua viatu, wamelala vitandani chumba cha karibu na maktaba, wanafunzi wa makoti meupe wamewazunguka, ndipo nikasikia kijana wa mlango akisema wanaongoja mtihani wataingia maktaba wanne pekee. Mjukuu wangu alikuwa nyuma kabisa ya foleni.

Sikubishana naye. "Kina mama, vaeni viatu."

"Na huyu hajamaliza kunibonyeza tumbo!" mmoja akalalamika.

"Vaa."

Mwalimu alikimbia mlangoni yeye mwenyewe. Wakaingia wote. Mjukuu wangu alinipita mbio, akashika kiti cha karibu na dirisha, akafungua kompyuta. Hata salamu hakunipa. Sawa.