Siku Niliyofunga Zahanati

Zahanati yetu ilikuwa mbele kidogo ya Kianjai, na muuguzi alikuwa mmoja tu: mimi. Nilizalisha akina mama, nilichanja watoto, nilifunga vidonda, na sakafu nilipiga deki mwenyewe. Kila nilipoomba mwenzangu, msimamizi wetu wa kaunti aliniambia nivumilie, watu wataajiriwa.

Mama yangu alipofariki nilimpigia msimamizi simu kuomba ruhusa ya kwenda kumzika kwetu Kibirichia. Alinipa pole, kisha akauliza, "Na ukienda, hapo atabaki nani?" Nilidhani atanitafutia mtu. Kumbe swali hilo aliniachia mimi.

Nilitia kufuli mlangoni, nikamwomba mlinzi awaelekeze wagonjwa Meru mjini, nikaenda. Tulipomaliza kufukia kaburi sikungoja hata chakula. Niliporudi, viatu vikiwa bado na matope, nilikuta damu kwenye veranda. Msichana aliyekuwa akija kliniki kwangu tangu mimba ikiwa changa alikuwa amejifungulia hapo sakafuni, ameshikwa na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa hai, namshukuru Mungu. Yule mama mkwe hakunifokea. Aliniambia tu, "Sista, tulibisha sana."

Wiki iliyofuata msimamizi aliitisha baraza, akanitaka niwaombe wananchi msamaha. Niliomba. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akitikisa kichwa, kana kwamba mambo hayo yanamshangaza yeye pia. Hakusema nilivyomsumbua miaka yote nikitaka msaidizi. Mzee mmoja alipouliza nilikuwa wapi siku hiyo, msimamizi alinijibia kabla sijafungua mdomo: "Alikuwa na shughuli zake za kibinafsi."

Shughuli zangu. Nilikaa chini, na moyoni nikawa nimeshaacha kazi, ingawa nilivaa ile sare hadi mwisho wa mwezi.

Sasa nalima viazi kwenye shamba la mama. Watu hudhani nilikimbia mshahara mdogo, nami huwaacha wadhani hivyo. Nasikia kule zahanati wamepelekwa wauguzi wawili. Dada yangu huniambia nirudi, sasa mambo yamekuwa mazuri. Huwa simjibu, maana nikianza nitalia, naye hatajua namlilia mama au nalilia kazi.