Harufu Juu ya Paje

Mjomba alitupima ukumbini, juu ya mizani aliyoiazima kwa muuza mchele wa Darajani. Mama alikataa kuvua buibui, akavua bangili.

Ndege ya mjomba, aliyoinunua kwa ubia na rafiki zake, ni ya viti vinne kwa jina tu. Mafia, tulikokuwa tunakwenda, tusingepata mafuta yake. Ilibidi tubebe ya kwenda na kurudi, na mafuta yana uzito kama watu.

"Nguo ya kubadili na kanga ya kusalia," mjomba alisema. "Basi."

"Na kwa dada yangu niingie mikono mitupu?"

Mama mkubwa alikuwa ameumwa masika nzima, na kwenye simu aliomba kitu kimoja: doriani la shamba la baba yao.

"Kukuona kutamtosha, dada."

Mama akavaa tena bangili zake, asibishe. Ilinipasa nishuku.

Uwanjani, magurudumu yaliiacha ardhi kabla mjomba hajavuta usukani. Nilikuwa mbele kando yake, mama nyuma. Nilicheka, ilikuwa mara yangu ya kwanza kupaa katika ndege ndogo. Yeye hakucheka. Alisukuma usukani mbele, akazungusha gurudumu dogo la kusawazisha pua, karibu na goti lake, akazungusha tena. Pua ya ndege ilikuwa inaitaka mbingu.

Alikuwa ameniahidi tupitie Paje niyaone mashamba ya mwani kutoka juu. Niliyaona: mistari myembamba chini ya maji, kama ukili uliotandazwa kabla ya kushonwa mkeka. Hapo ndipo, alivyonieleza, huvuta kifundo chekundu ili injini inywe mafuta kidogo. Hakukigusa. Mkono wake haukutoka kwenye usukani.

Kisha harufu ikatufikia. Nzito, tamu, iliyooza kidogo. Hakuna mtu wa Unguja asiyeijua harufu ya doriani.

"Dada," mjomba aliita bila kugeuka.

"Naam."

"Mangapi?"

Mama alitazama dirishani. "Gunia lenyewe si kubwa."

"Liko wapi?"

"Nyuma ya kiti. Dereva wa teksi kanisaidia, wewe ulipokwenda ofisini."

Mjomba alinieleza kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mkia umelemewa. Akipunguza mwendo ili atue, pua itainuka, na akishindwa kuirudisha tutaanguka. Lazima uzito uje mbele.

"Mpe mwanao, moja moja. Na mkanda usiufungue."

La kwanza lilinikwaruza bega. Miguuni pangu palikuwa na pedeli zilizoungana na za mjomba. Doriani likibiringika pale, asingeweza kuiongoza ndege. Nikalipakata. La pili nikaliegemeza kwenye la kwanza, nikayafunga kwa mtandio, mbali na usukani wa pili uliokuwa ukicheza mbele ya kifua changu. Miiba ilipenya gauni. Kila lilipokuja jengine mjomba alilirudisha lile gurudumu dogo kidogo, na kila mama alipoinama nyuma nilimsikia akivuta uradi, "Ya Latifu, ya Latifu."

"Bado?"

"Bado matatu."

Yalipokwisha, pua ilishuka ikakaa sawa na upeo wa bahari.

"Tunarudi," mjomba alisema.

"Dada yangu ananingoja uwanjani."

"Akungoje ukiwa hai."

Tukaanza kutua. Nilitazama mikono yake tu. Njia ya ndege ilikuja, ikapanda kutupokea, magurudumu yakagusa mara moja, na madoriani yote yakanichoma kwa pamoja. Mjomba akazima injini.

"Yashushe," mama alisema. "Ntamwambia sikuyapata."

Mjomba alilichukua moja, akaligeuza.

"La mti gani hili?"

"Ule wa kisimani."

Akaninyanyulia macho. Nilikwisha kuanza kufungua mkanda.

"Wewe mzito kuliko gunia," alisema, kama anayeomba radhi.

"Najua. Nshapimwa."

Aliongeza mafuta yaliyoliwa. Akakisukuma kiti changu nyuma, mbali na pedeli, akaliweka gunia juu yake na kulivutia mkanda hadi likakazana. Mama alinishika shavu kupitia mlangoni, harufu ile ile mkononi mwake.

Nilisimama kando ya uzio, mapaja yakiniwasha. Ndege ikakimbia. Safari hii magurudumu yaliing'ang'ania ardhi mpaka mjomba alipoyaambia.